Eusébio, mtoto wa Mafalala: Kipaji kinahitaji mlezi

Hotuba hii ilitolewa na kocha mkongwe wa timu za vijana katika kaunti yetu, kwenye kikao cha wazazi, makocha na wachezaji kilichofanyika kabla ya mashindano ya soka baina ya wadi. Tunaichapisha kwa kuwa wazazi wengi waliohudhuria waliomba kupata nakala.



Niliambiwa nizungumze kwa dakika ishirini kuhusu nidhamu ya mchezaji. Nikafikiri, nikisimama hapa kuwasomea kanuni, nusu yenu mtasinzia na nusu nyingine mtatoa simu. Kwa hivyo nitawasimulia maisha ya mtu mmoja.

Wazee mliokuwa na redio miaka ya sitini mnaikumbuka sauti ya Leonard Mambo Mbotela akitangaza, "Kadenge na mpira, Kadenge na mpira." Ninyi vijana hamkumwona Joe Kadenge akicheza, na wengi wenu mlikuwa wadogo alipotuaga Julai 2019, lakini maneno hayo mnayajua. Jina la mchezaji liligeuka kuwa usemi wa nchi nzima. Sasa, wakati huo huo ambapo Kadenge alikuwa akitamba hapa kwetu, kulikuwa na kijana mwingine aliyezaliwa kwenye pwani hii hii ya Bahari ya Hindi, kusini zaidi, nchini Msumbiji. Jina lake Eusébio da Silva Ferreira. Dunia ilimwita Eusébio tu, na wengine wakamwita Chui Mweusi.

Mpira wa soksi

Eusébio alizaliwa tarehe 25 Januari 1942 katika mtaa wa Mafalala, jijini Lourenço Marques, ambao leo tunauita Maputo. Mafalala ulikuwa mtaa wa nyumba za mbao na mabati, nje ya mji wa Wareno. Msumbiji ilikuwa koloni la Ureno. Baba yake, Laurindo, alikuwa mfanyakazi wa reli aliyetoka Angola. Alikufa kwa ugonjwa wa pepopunda wakati Eusébio akiwa na umri wa miaka minane tu. Mama yake, Elisa Anissabeni, akabaki na kazi ya kuwalea watoto peke yake.

Kina mama mlio hapa mnaojua kulea mayatima, mnaelewa alichopitia mama huyo bila mimi kueleza.

Mtoto yule alicheza pekupeku. Mpira ulikuwa soksi iliyojazwa makaratasi ya magazeti na kufungwa. Hapa kwetu tumetumia mifuko ya plastiki na kamba, ni kitu kile kile. Mara nyingine alitoroka shule akaenda uwanjani, na hilo ninyi vijana msiliige, nitalirudia mwishoni. Yeye na wenzake wa mtaani waliunda timu wakaiita Wabrazil, na kila mmoja akajipa jina la mchezaji wa Brazil.

Alipokua, alikwenda kujaribu bahati katika klabu aliyoipenda tangu utotoni, Desportivo ya Lourenço Marques. Wakamkataa. Hebu fikirieni: klabu ilimkataa kijana ambaye baadaye angetajwa kuwa miongoni mwa wachezaji bora kabisa duniani. Akaenda kwa mahasimu wao, Sporting ya Lourenço Marques, wakampokea, akaanza kufunga mabao kama anayechota maji mtoni.

Makocha wenzangu, kila mwaka tunawaambia watoto kadhaa, "Wewe hapana, rudi nyumbani." Ni lazima tuchague, kikosi kina nafasi chache. Lakini tuwaambie kwa heshima, maana hatujui tunayemrudisha ni nani.

Mama alipotia sahihi

Hapa ndipo ningependa wazazi mnisikilize vizuri.

Sifa za Eusébio zilifika Lisbon, mji mkuu wa Ureno. Inasimuliwa kwamba kocha wa Benfica, Béla Guttmann, alikuwa kwenye kinyozi aliposikia habari hizo kutoka kwa Bauer, mchezaji wa zamani wa Brazil aliyekuwa amepita Msumbiji na timu yake na kumwona kijana huyo. Klabu mbili kubwa za Lisbon zikamtaka: Sporting, ambayo ile timu yake ya nyumbani ilikuwa tawi lake, na Benfica.

Tofauti ya klabu hizo mbili aliieleza Eusébio mwenyewe alipokuwa mtu mzima. Sporting walitaka aende kwanza akajaribiwe, bila ya malipo. Benfica walikwenda nyumbani. Walikaa na mama yake na kaka yake, wakaweka pesa mezani kwa kandarasi ya miaka mitatu. Kaka mtu akasema pesa hizo hazitoshi, anataka mara mbili. Benfica wakalipa. Mama Elisa akatia sahihi, na pesa akapokea yeye.

Tazameni jinsi jambo hilo lilivyokwenda. Hakuna ng'ombe aliyeuzwa. Hakuna shamba lililowekwa rehani. Aliyekuwa akimtaka mtoto ndiye aliyelipa. Na maneno hayakumalizikia hewani, yaliandikwa, na aliyeandikiana na klabu alikuwa mzazi.

Kijana akapanda ndege Desemba 1960, akiwa na umri wa miaka 18. Ushindani kati ya klabu hizo ulikuwa mkali kiasi kwamba Benfica walitumia jina la siri la kike, Ruth Malosso, kila walipomtaja kwenye mawasiliano yao. Alipofika wakamficha kwa muda huko Algarve, pwani ya kusini ya Ureno, hadi mambo yatulie. Ilipita miezi kadhaa kabla ya kuruhusiwa kucheza.

Mzee wa kumshika mkono

Mtoto wa miaka 18, mji wa kigeni, baridi, chakula kigeni. Wangapi wamepotelea hapo? Wengi kuliko waliofaulu.

Lakini ndani ya Benfica kulikuwa na mtu wa nyumbani. Mário Coluna, kiungo mwenye nguvu na heshima kubwa, naye alikuwa mzaliwa wa Msumbiji, amemtangulia Eusébio kwa miaka kadhaa. Mama Elisa alimwandikia Coluna barua akimwomba amwangalie mwanawe. Coluna akamchukua kama mtoto wake. Eusébio alimheshimu maisha yake yote, na hata alipokuwa nyota kuliko Coluna mwenyewe, alimwita Bwana Coluna.

Mama yule hakuweza kuvuka bahari kwenda kumchunga mwanawe. Alichoweza ni kuuliza, "Huko kuna nani wa kwetu?" na kuandika barua. Barua moja.

Na kijana naye alikubali kuchungwa. Hilo ni la kwenu, wachezaji. Kuna wengine wenu, mkifunga mabao mawili dhidi ya wadi jirani, kocha hawezi tena kuwaambia kitu.

Usiku wa Amsterdam

Sasa tuingie uwanjani, maana najua hicho ndicho mnachosubiri.

Mechi yake ya kwanza na Benfica ilikuwa ya kirafiki, Mei 1961. Akatinga mabao matatu. Mwezi uliofuata Benfica walikwenda Paris kucheza na Santos ya Brazil, timu ya Pelé. Santos waliwachapa Benfica vibaya. Eusébio akaingizwa kutoka benchi, wakati mechi imeshaharibika, akafunga matatu peke yake. Mechi iliisha 6-3, Santos wakashinda, lakini watu walitoka uwanjani wakiulizana yule kijana wa Benfica anaitwa nani.

Tarehe 2 Mei 1962, jijini Amsterdam, Benfica walikutana na Real Madrid katika fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya. Real Madrid walikuwa wamelitwaa kombe hilo mara tano. Walikuwa na Di Stéfano na Puskás. Kufikia mapumziko Puskás alikuwa amefunga matatu, Real wakiongoza 3-2. Kipindi cha pili Coluna akasawazisha kwa kombora la mbali. Kisha ikaja penalti. Aliyeichukua ni kijana wa miaka 20 kutoka Mafalala. Bao. Dakika chache baadaye akafunga tena. Benfica 5, Real Madrid 3.

Na filimbi ya mwisho ilipolia, Eusébio alikuwa na haja moja: jezi ya Di Stéfano, aliyemhusudu tangu utotoni. Alimwomba Coluna akamwombee. Mtu ameshinda kombe kubwa la Ulaya, amefunga mawili, na bado anamtuma mkubwa wake akamwombee jezi kwa mkubwa mwingine.

Alifika fainali nyingine tatu za kombe hilo, mwaka 1963, 1965 na 1968, na zote akashindwa. Ile ya 1968 ilichezwa Wembley dhidi ya Manchester United. Matokeo yakiwa 1-1 na muda ukielekea kwisha, Eusébio akabaki na kipa Alex Stepney peke yake. Akaachia shuti kali. Stepney akalidaka. Bao hilo lingempa kombe. Eusébio alisimama akampigia kipa makofi. Katika muda wa ziada United wakafunga matatu na kushinda 4-1.

Nimeona hapa kwetu mchezaji akimtukana refa kwa ajili ya mpira wa kurusha. Mkumbuke makofi yale.

Nyuma kwa mabao matatu

Mwaka 1966 Ureno ilicheza Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza, nchini Uingereza. Nahodha alikuwa Coluna. Ndani ya kikosi hicho wazaliwa wa Msumbiji walikuwa wanne: Coluna, Hilário, Vicente na Eusébio. Katika makundi waliifunga Hungary, Bulgaria, na Brazil waliokuwa mabingwa watetezi, na dhidi ya Brazil Eusébio alifunga mawili.

Tarehe 23 Julai, uwanja wa Goodison Park, Liverpool, robo fainali dhidi ya Korea Kaskazini. Watu walidhani ni mechi rahisi. Katika dakika 25 za kwanza Korea walikuwa wamefunga matatu. Matatu kwa bila. Uwanja mzima ulikuwa upande wao.

Dakika ya 27 Eusébio alifunga. Hakushangilia. Aliingia golini, akachukua mpira wavuni, akakimbia nao hadi katikati. Dakika ya 43, penalti, la pili. Akafanya vile vile. Dakika ya 56, la tatu. Dakika ya 59 alikuwa amekimbia na mpira umbali mrefu upande wa kushoto, mabeki wakamkwatua ndani ya boksi. Penalti. Akaamka akichechemea, akaipiga mwenyewe, la nne. Ureno wakamaliza kwa 5-3.

Mkipata nafasi, itafuteni picha ya mechi hiyo muitazame. Msitazame mabao tu. Mtazameni anavyookota mpira.

Nusu fainali walikutana na wenyeji, Uingereza, huko Wembley. Bobby Charlton akafunga mawili. Eusébio akarudisha moja kwa penalti, halikutosha. Aliondoka uwanjani akilia, akijifuta machozi kwa jezi. Siku mbili baadaye alifuta machozi, akafunga tena dhidi ya Umoja wa Kisovieti, na Ureno wakawa wa tatu. Alikuwa mfungaji bora wa michuano hiyo kwa mabao tisa.

Mwaka mmoja kabla ya hapo, 1965, alikuwa ameshinda tuzo ya Ballon d'Or, mchezaji bora wa Ulaya. Hakuna mzaliwa wa Afrika aliyekuwa ameipata kabla yake. Baada yake Afrika ilingoja miaka 30, hadi George Weah wa Liberia mwaka 1995.

Hesabu zake kwa ufupi: na Benfica alitwaa ubingwa wa ligi mara 11, akawa mfungaji bora wa ligi mara saba. Alifunga mabao 473 katika mechi rasmi 440. Kiatu cha Dhahabu cha Ulaya kilipoanza kutolewa mwaka 1968, wa kwanza kukipata alikuwa yeye, kwa mabao 42, na akakipata tena 1973. Kwa timu ya taifa ya Ureno, mechi 64, mabao 41.

Sifa kwa nani?

Lakini, ndugu zangu, maisha ya mtu huyu si mabao peke yake, na sitaki mtoke hapa mkidhani kila kitu kilikuwa sukari.

Wakati Eusébio akilia Wembley akiwa amevaa jezi ya Ureno, Waafrika wa Msumbiji walikuwa wakipigana vita vya kuiondoa Ureno nchini mwao. FRELIMO ilianza vita hivyo Septemba 1964, na wapiganaji wake walifunzwa katika kambi za Tanzania. Serikali ya Ureno ilifurahia kuwaonyesha watu wa dunia wachezaji weusi ndani ya jezi yake, kana kwamba koloni halina malalamiko. Eusébio hakuwa mwanasiasa. Alikuwa kijana aliyetaka kucheza mpira.

Klabu za Italia zilimtaka, kwa pesa ambazo Benfica hawakuwa wakimlipa. Kwa maelezo yake mwenyewe, Salazar, aliyeitawala Ureno kwa mkono wa chuma, hakumruhusu kuondoka. Alihesabiwa kuwa mali ya taifa. Sifa tamu hiyo, kuitwa mali ya taifa, lakini mali huwa na mwenyewe, na mwenyewe ndiye huamua iende wapi. Mchezaji bora wa Ulaya alikuwa na umaarufu wote duniani, ila hakuwa na uamuzi juu ya miguu yake.

Na miguu hiyo ilichakaa. Mabeki walimpiga mateke kila wiki. Alifanyiwa upasuaji wa goti mara kadhaa, hasa goti la kushoto, na kila mara akarudi uwanjani. Aliondoka Benfica mwaka 1975, mwaka ule ule ambao Msumbiji ilipata uhuru, tarehe 25 Juni. Akiwa na zaidi ya miaka 33, na magoti yale, alikwenda kucheza Marekani, Mexico na Canada. Huko Toronto alishinda ubingwa wa ligi ya Amerika Kaskazini mwaka 1976.

Coluna alirudi Msumbiji na baadaye akaongoza shirikisho la soka la nchi hiyo. Eusébio alibaki Lisbon hadi mwisho. Alifariki kwa maradhi ya moyo tarehe 5 Januari 2014. Ureno ikatangaza siku tatu za maombolezo. Mwezi uliofuata, Februari, Coluna naye akafariki huko Maputo. Mwaka 2015 mwili wa Eusébio ulihamishiwa kwenye jengo la kitaifa wanakozikwa watu wakuu wa Ureno. Yule mtoto wa mpira wa soksi akalazwa pamoja na marais na washairi.

Kosa langu

Sasa mtaniuliza, mzee, Mafalala na wadi yetu wapi na wapi?

Mnaniona natembea nikichechemea. Nilicheza nafasi ya beki. Goti lilivimba, nikachomwa sindano ya kuua maumivu ili nicheze mechi moja muhimu. Nikacheza. Maumivu yaliuawa, goti nalo likafuata. Matokeo ya mechi ile leo hayakumbukwi na mtu, hata mimi mwenyewe nimesahau.

Hilo ni langu, nimelizoea. Lipo jingine ambalo sijalizoea.

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa na kijana katika timu yangu. Miaka 16, mguu wa kushoto wa ajabu, mtoto wa mama mjane. Akatokea mtu mmoja, suti nzuri, simu mbili. Akasema ana klabu ng'ambo inayomtaka kijana kwa majaribio, ila familia itoe nauli na ada ya karatasi. Alikuwa na barua yenye muhuri. Mama yule hakujua Kiingereza. Akaniletea mimi barua ile, akaniambia, "Mwalimu, wewe ndiye unajua mambo haya. Nitie sahihi?"

Niliisoma juu juu. Kwa kweli nilikuwa nimeshajawa na fahari. Niliona jina langu kwenye redio, kocha aliyempeleka kijana ng'ambo. Nikamwambia, "Mama, tia sahihi, hii ni baraka."

Aliuza ng'ombe wake wawili. Kijana akafikishwa katika mji wa kigeni, akaachwa kwenye chumba pamoja na vijana wengine, bila klabu, bila majaribio, na pasipoti yake kuchukuliwa. Alirudi nyumbani baada ya miezi, kwa michango ya watu wa kanisani. Hakugusa mpira tena. Leo anaendesha bodaboda, kazi halali, na tukikutana ananisalimu vizuri. Ni mimi ninayetazama chini.

Mama Elisa wa Mafalala alilipwa. Mama yule wa kwetu alilipishwa. Tofauti kati ya wamama hao wawili haikuwa elimu wala utajiri. Mmoja alikuwa na mtu karibu, kaka mtu, aliyethubutu kusema, "Ngoja kwanza, hizo pesa hazitoshi." Mwingine alikuwa na mimi.

Ndiyo maana nimesema leo kwamba kipaji kinahitaji mlezi. Mungu hugawa vipaji popote anapotaka, hata kwenye mitaa ya mabati. Kukilinda ni kazi aliyotuachia sisi.

Mambo manne ya kwenda nayo nyumbani

La kwanza ni la wazazi. Mtu akija akisema anamtaka mtoto wako kwa soka, na papo hapo anakuomba pesa, mfungulie mlango atoke. Klabu inayomtaka mchezaji ndiyo inayolipa. Kisha mjue kwamba kanuni za FIFA haziruhusu mchezaji kuhamishwa kimataifa kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa kwa masharti machache maalum. Na wakala wa kweli ana leseni ya FIFA. Jina lake linaweza kutafutwa likaonekana. Asipoonekana, ni mtu tu mwenye suti. Usitie sahihi karatasi usiyoielewa. Ipeleke kwa ofisi ya michezo ya kaunti ndogo, kwa mwalimu, kwa wakili ukimpata, na usitosheke na maoni ya mtu mmoja, hata akiwa kocha mzee kama mimi.

La pili ni la makocha na viongozi wa klabu. Wekeni daftari. Jina la mchezaji, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyojiunga, siku aliyoondoka. Na msajili klabu na wachezaji wenu rasmi. Mchezaji anapouzwa kimataifa akiwa bado na kandarasi, kanuni za FIFA zinataka asilimia 5 ya ada ya uhamisho igawiwe klabu zilizomfunza kuanzia umri wa miaka 12 hadi 23. Klabu ya kijijini nayo inaweza kudai fungu lake, mradi iwe na usajili wa kuonyesha. Tunalalamika kwamba tunalima na wengine wanavuna, na kumbe hata risiti ya mbegu hatuna.

La tatu pia ni la makocha, na wazazi walisikie. Goti la mtoto si mali ya timu. Mtoto akisema anaumia, apumzishwe na apelekwe zahanati. Asichomwe sindano ili mtu apate kombe. Katika mashindano haya, kocha atakayemlazimisha mchezaji majeruhi kucheza, mniletee habari hizo.

La nne ni lenu, vijana. Eusébio alitoroka shule, nilisema nitalirudia. Alibahatika kuwa Eusébio. Katika mamilioni ya watoto waliotoroka shule kwenda kucheza mpira, ametokea mmoja. Wewe cheza, na usome, ili siku ukiletewa kandarasi uisome mwenyewe, kila mstari, kabla mama yako hajatia kidole. Halafu mkifungwa matatu Jumamosi, kama mtakavyofungwa baadhi yenu, msigombane, msimtafute wa kulaumiwa. Mmoja wenu aingie golini, achukue mpira, akimbie nao hadi katikati.

Mwenyezi Mungu awalinde, awalindie na magoti yenu.